Wabunge 50 wa Zanzibar walitoka wapi?

Swali: "Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Singida, nimeolewa Unguja na ninafundisha skuli moja huko Kaskazini. Chumba cha walimu hakina amani. Mmoja anasema Zanzibar ilipewa wabunge 50 kwenye Hati za Muungano za 1964, kwa hiyo hakuna wa kuwagusa. Mwingine, mtu wa Bara kama mimi, anasema huo ni upendeleo: watu hawafiki milioni mbili, wana wabunge 50, na wanapiga kura kuhusu hospitali za Singida wakati mbunge wa Singida hana neno kuhusu hospitali ya Mnazi Mmoja ya huku. Mimi nilimwendea mbunge wetu kuhusu maji ya skuli, akanielekeza kwa mwakilishi. Je, alinikwepa? Na hao 50 walitoka wapi hasa?"

Mwalimu, nianze na maji, maana hilo ndilo linalokuumiza leo na jibu lake ni fupi. Mbunge wako hakukukwepa. Maji ya Zanzibar si jambo la Muungano. Sheria yake hutungwa na Baraza la Wawakilishi linalokaa Chukwani, bajeti yake hupitishwa hapohapo, na waziri wake anawajibika hapohapo. Mbunge wako anaweza kupiga simu kama mtu mzito wa eneo, na pengine kuchangia kutoka mfuko wa jimbo, lakini hawezi kusimama Dodoma akamhoji waziri kuhusu bomba la skuli yenu. Waziri wa Maji wa Dodoma hana mamlaka juu ya bomba hilo. Andikeni barua yenye saini ya mwalimu mkuu, ipitisheni kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu), ifike kwa mwakilishi na kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar. Nakala ya mbunge si lazima, ila haidhuru.

Ukitoka Singida jambo hili linachanganya, kwa sababu kule ulizoea kura tatu: Rais, mbunge, diwani. Zanzibar mpiga kura ana tano, kwani anaongeza Rais wa Zanzibar na mwakilishi. Mbunge anakwenda Dodoma kwa mambo ya Muungano. Mwakilishi anakwenda Chukwani kwa mambo ya Zanzibar. Mstari unaowatenganisha uko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, yenye orodha ya mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11. Leo yamefika 22: ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, mambo ya nje, sarafu, kodi ya mapato, bandari, posta na simu, elimu ya juu, usajili wa vyama vya siasa na mengineyo. Hata Baraza la Mitihani limo, ndiyo maana wanafunzi wako wa kidato cha nne wanafanya mtihani uleule wa Singida ingawa skuli yao iko chini ya wizara ya Zanzibar. Mwanafunzi akikwama pasipoti, nenda kwa mbunge. Akikosa dawati, nenda kwa mwakilishi.

Sasa nije kwenye historia, maana wenzako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Anayesema namba 50 imo kwenye Hati za Muungano hajazisoma. Hati zilizotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964 ni fupi mno. Zinasema Katiba ya Tanganyika itarekebishwa ili kuwe na chombo cha kutunga sheria na serikali ya Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, makamu wawili wa Rais, na uwakilishi wa Zanzibar katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Namba ya wawakilishi hao haikutajwa. Iliachiwa watakaokuja kuamua, na walioamua mwanzoni waliamua kwa namna ambayo wengi leo wameisahau.

Katiba ya Muda ya 1965 iliwapa watu wa Bara majimbo 107 ya kuchagua wabunge. Zanzibar haikupewa jimbo hata moja. Badala yake Rais, kwa kukubaliana na Rais wa Zanzibar, aliweza kuwateua bungeni wajumbe hadi 32 wa Baraza la Mapinduzi, chombo kilichotawala Zanzibar baada ya Mapinduzi, na Wazanzibari wengine hadi 20. Yaani Zanzibar ilikuwa na sehemu kubwa ya Bunge, lakini hakuna Mzanzibari hata mmoja aliyepiga kura kumpeleka mtu huko. Mwaka 1965 Wazanzibari walipiga kura ya Rais wa Muungano, basi. Hali hii haikuwa ya mwaka mmoja au miwili. Iliendelea miaka 15.

Kwa nini? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo ya Mapinduzi, na naomba univumilie, kwa sababu bila sehemu hii namba zote zinazofuata zinaonekana kama zimeokotwa. Zanzibar ilianza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, viti sita tu. Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 1961: chama cha ASP (Afro-Shirazi, chama cha Mzee Karume) viti 10, na wapinzani wake ZNP 9, ZPPP 3. Hapakuwa na wa kuunda serikali. Likaongezwa jimbo moja, wakarudia Juni mwaka huohuo, safari hii ASP 10, ZNP 10, na ZPPP 3 wakaungana na ZNP. Damu ilimwagika. Julai 1963 viti vilikuwa 31, na ASP ikapata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 peke yake, huku ZNP na ZPPP wakijumlisha 18 na kuunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, serikali ile ikapinduliwa.

Kwa hiyo walioingia madarakani 1964 walikuwa watu walioshinda kura na kushindwa viti. Kwao mipaka ya majimbo haikuwa jambo la kitaalamu la wachora ramani. Waliiona ndiyo iliyowaibia. Baraza la Kutunga Sheria likafutwa, Baraza la Mapinduzi likashika kutunga sheria na kutawala kwa pamoja, na Mzee Karume hakuficha kwamba hana haraka ya uchaguzi. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini uwakilishi wa Zanzibar Dodoma (zamani Dar es Salaam) ulikuwa wa uteuzi, na kwa nini Bara hawakuubishia. Muungano ulikuwa mchanga na hakuna aliyetaka kuutikisa kwa kudai masanduku ya kura Unguja.

Mabadiliko yalikuja polepole baada ya Karume kuuawa Aprili 1972 na Mzee Aboud Jumbe kushika nafasi. TANU, chama cha Bara, na ASP ziliungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM, Katiba ya kudumu ikapitishwa mwaka uleule, Zanzibar ikapata Katiba yake ya kwanza baada ya Mapinduzi mwaka 1979, na Baraza la Wawakilishi likakutana kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1980. Uchaguzi wa 1980 ndio wa kwanza ambapo Zanzibar ilichagua wabunge wa majimbo, majimbo 10 tu kati ya 111 ya nchi nzima. Wengine waliendelea kuingia kwa njia zisizo za kura ya wananchi.

Kisha hali ya hewa ya kisiasa ikachafuka, kama wazee wa huko wanavyosema hadi leo. Mjadala wa Katiba wa 1983 ulifungua kero zote za Muungano, Mzee Jumbe akaonekana anataka serikali tatu (ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar), na Januari 1984 akajiuzulu baada ya kikao cha chama Dodoma. Mzee Ali Hassan Mwinyi akachukua nafasi yake. Mwaka huohuo Zanzibar ikaandika Katiba mpya, na Katiba ya Muungano ikafanyiwa marekebisho makubwa. Matokeo yake yalionekana kwenye uchaguzi wa 1985: wabunge wa majimbo 169, kati yao 119 wa Bara na 50 wa Zanzibar, pamoja na watano waliochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwao. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi nao wakaanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi mwaka huohuo.

Hapo ndipo namba 50 ilipozaliwa, mwalimu: miaka 21 baada ya Hati za Muungano. Ukiniuliza kwa nini 50 na si 40 wala 60, nakuomba utazame hesabu ya zamani: 32 na 20 ni 52. Kwa maoni yangu waliokaa mezani 1984 walichukua ukubwa wa nafasi ambayo Zanzibar tayari ilikuwa nayo kwa uteuzi, wakaugeuza kuwa wa kura. Wazanzibari hawakuongezewa viti. Walipewa haki ya kuchagua nani avikalie. Mwenzako anayeita jambo hili upendeleo anapaswa kulijua hilo kabla ya kunyanyua sauti.

Tangu hapo Bara imekua na Zanzibar imebaki palepale. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi katika kipindi hiki, majimbo yalikuwa 232: Bara 182, Zanzibar 50. Chama cha upinzani cha CUF kilitoka na viti 24 vya majimbo, na ngome yake ilikuwa Pemba, kiasi kwamba upinzani mkubwa kuliko wote bungeni kwa viti vya majimbo ulitoka visiwani. Kwa uchaguzi wa 2025 majimbo yalifika 272, yaani Bara 222 na Zanzibar 50 zilezile. Juu ya hao kuna viti maalumu vya wanawake, wale watano wa Baraza la Wawakilishi, wateule wa Rais wasiozidi 10, na Mwanasheria Mkuu.

Tufanye hesabu anayoifanya mwenzako, na tuifanye kwa haki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 Zanzibar. Ni asilimia tatu ya watu na zaidi kidogo ya asilimia 18 ya majimbo. Jimbo la Zanzibar kwa wastani lina watu kama 38,000. La Bara kama 270,000. Mbunge wa Bara kwa wastani anabeba watu mara saba ya wa Zanzibar. Hakuna haja ya kulificha wala kulipamba.

Lakini swali la msingi ni hili: Muungano huu ni wa watu milioni 61, au ni wa nchi mbili? Kama ni wa watu peke yao, 50 ni nyingi mno, zingetosha nane au tisa. Kama ni wa nchi mbili zilizokubaliana, 50 ni chache, maana nchi mbili zilizoungana zingeweza kudai viti nusu kwa nusu. Huko Marekani wametatua kwa mabaraza mawili: katika Seneti jimbo la Wyoming lina maseneta wawili sawa na California, ingawa California ina watu zaidi ya mara 60, katika baraza la pili viti vinafuata sensa. Sisi tuna chumba kimoja, kwa hiyo namba moja inalazimishwa kujibu maswali mawili. Tazama pia Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, iliyopendekeza serikali tatu. Bunge lake la Muungano lilikuwa na wabunge 75: 50 wa Bara, 20 wa Zanzibar, na watano wa kuteuliwa kutoka watu wenye ulemavu. Ishirini kati ya 70 ni karibu asilimia 29. Yaani katika Bunge la mambo ya Muungano tu, Zanzibar ingepata fungu kubwa kuliko la sasa, na sidhani kama Bara wengi wangelalamika, kwa sababu bunge lile lisingegusa hospitali ya Singida.

Hapo ndipo penye kidonda halisi. Kwa Ibara ya 64, Bunge la Dodoma linatunga sheria kwa mambo ya Muungano na pia kwa mambo ya Tanzania Bara yasiyo ya Muungano. Kazi mbili, chumba kimoja, watu walewale. Hakuna kanuni inayomtoa mbunge wa Zanzibar ukumbini unapojadiliwa muswada wa mambo ya Bara peke yake. Hata uwaziri haufuati mstari huo: Dk. Hussein Mwinyi, Rais wa sasa wa Zanzibar, alikuwa Waziri wa Afya wa Muungano kuanzia 2012 hadi 2014 akiwa mbunge wa Kwahani, Unguja, na afya si jambo la Muungano. Hapo awali aliwahi pia kuwa mbunge wa Mkuranga, mkoa wa Pwani. Kwa hiyo malalamiko ya mwenzako kuhusu hospitali yana msingi. Anakosea tu pale anapodhani dawa yake ni kupunguza idadi. Ukiwapunguza kutoka 50 hadi tisa, hao tisa bado watapigia kura hospitali za Singida.

Tena upande wa pili una kero yake, ambayo watu wa Bara huisahau. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa kura za waliohudhuria. Wabunge wote 50 wa Zanzibar wakikataa muswada wa jambo la Muungano linalowahusu wao kabisa, muswada unaweza kupita bila wao. Kinga waliyonayo ni kwenye Katiba tu. Ibara ya 98 inasema baadhi ya mambo, yaliyo kwenye orodha ya pili ya Nyongeza ya Pili, hayabadiliki mpaka mabadiliko yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kuwepo kwa Muungano wenyewe kumo humo, orodha ya mambo ya Muungano imo, na, sikiliza hili vizuri, idadi ya wabunge kutoka Zanzibar nayo imo. Basi yule mwenzako wa kwanza amepatia mwisho wa hoja yake baada ya kukosea mwanzo: kweli namba hiyo haiguswi kirahisi, ila kinachoilinda ni Katiba ya 1977 na si Hati za 1964.

Ningeongeza jambo ambalo sheria haikuandika. Bungeni watu hukaa kwa vyama, hawakai kwa visiwa na Bara. Mbunge wa CCM kutoka Unguja huamua pamoja na kamati ya wabunge wa chama chake, na ndiyo maana hofu ya Bara kwamba Zanzibar itaburuza Bunge, na hofu ya Zanzibar kwamba Bara itaimeza, zote mbili huonekana zaidi kwenye baraza za kahawa kuliko kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka 2014 kura za pande mbili zilihesabiwa kweli, kwenye Bunge Maalumu la Katiba, na Katiba Inayopendekezwa ikapita tarehe 2 Oktoba kwa theluthi mbili za kila upande baada ya kundi la UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, kususa tangu Aprili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika mpaka leo.

Njia zilizopo ni zipi, basi? Kuacha mambo yalivyo ndiyo rahisi, na ina faida ya kutofungua mlango usiojua utafungwaje. Kuwazuia wabunge wa Zanzibar kupigia kura mambo ya Bara ni haki kwenye karatasi, lakini Uingereza walijaribu kitu cha namna hiyo kwa wabunge wa Scotland kuanzia 2015 na wakakifuta 2021. Mstari wa nini ni cha nani uliwasumbua, na kwetu ungesumbua zaidi kwa sababu bajeti ya Dodoma ni moja kwa Muungano na Bara. Serikali tatu ingetenganisha kazi vizuri kuliko zote, kwa gharama ya serikali nyingine na kwa hatari kwamba ile ya katikati itabaki na jina bila mapato. Mabaraza mawili ya kutunga sheria ni njia ambayo haijajadiliwa vya kutosha, na mimi binafsi ningependa ijadiliwe kwanza.

Kwenye chumba cha walimu, chukueni nakala ya Katiba msome pamoja Ibara ya 64, 66 na 98 na nyongeza zake. Mtabishana bado, ila mtabishana juu ya kitu kimoja. Mkitaka kusema kuhusu mipaka ya majimbo, Ibara ya 75 inaitaka Tume ya Uchaguzi iipitie angalau kila baada ya miaka 10, na zoezi likitangazwa maoni hupokelewa. Hapo ndipo pa kwenda, kwa maandishi. Na kwa kuwa umetaja kwamba umeolewa Unguja ukiwa mzaliwa wa Bara: kama jambo linalokusumbua ni ukaazi, kitambulisho cha Mzanzibari, haki ya kujiandikisha kumpigia kura mwakilishi, au ardhi, usitegemee jibu la maandishi kama hili wala maneno ya barazani. Masharti ya ukaazi wa Zanzibar yana miaka na vielelezo vyake, na hali ya kila mtu ni tofauti. Chukua vyeti vyako uende kwa sheha kwanza, kisha kwa wakili au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, waone karatasi zako kwa macho yao.